TSH imepanda kidogo: usikimbilie kidonge, usiipuuze pia

Majibu ya maabara yanasomeka hivi: TSH, homoni inayoihimiza tezi ya thairoidi ifanye kazi, ni 6.8; T4 huru, homoni inayotengenezwa na tezi yenyewe, iko kawaida. Mwenye majibu anachoka haraka, anasikia baridi, choo kigumu, kilo zimeongezeka. Hapo tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo chini ya kikoromeo, imeanza kulegea lakini haijashindwa kazi. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, imepandisha TSH ili kuihimiza, nayo inaitika. Ndiyo maana T4 bado iko sawa. Maabara nyingi huweka ukomo wa juu wa TSH kwenye 4 au 4.5. Kuanzia hapo hadi 10, T4 ikiwa kawaida, ni upungufu mdogo wa kazi ya tezi.

Kosa kubwa hutokea mapema kabisa: mtu kuanzishiwa dawa ya maisha kwa kipimo kimoja. TSH hupanda usiku na alfajiri, mchana hushuka. Hupanda pia kwa muda mwili unapoinuka kutoka ugonjwa mkali. Rudia kipimo baada ya miezi 2 hadi 3, asubuhi, saa ileile, maabara ileile ikiwezekana. Wengi hukuta imeshuka yenyewe. Kufunga kula si lazima. Ila kama unameza vidonge vya nywele na kucha, soma kibandiko: vyenye bayotini viache siku 2 au 3 kabla ya kutoa damu. Bayotini huvuruga mashine nyingi, TSH ikasomeka ndogo na T4 kubwa kuliko ilivyo, na mwenye tatizo akarudishwa nyumbani kwamba ni mzima.

Kwenye kipimo cha pili omba pia anti-TPO, kipimo cha kingamwili zinazoilenga tezi. Ikiwa chanya, kinga ya mwili ndiyo inayoishambulia tezi; ni ugonjwa wa Hashimoto, ulioelezwa na daktari wa Kijapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Mwenye TSH ya juu pamoja na anti-TPO chanya ana uwezekano wa takriban 4 kati ya 100 kila mwaka wa tezi kushindwa kabisa, kwa hiyo apime angalau mara moja kwa mwaka hata akijisikia vizuri. Mtajie daktari dawa zako zote: lithiamu, amiodaroni ya moyo, na ethionamidi ya kifua kikuu sugu huweza kuidhoofisha tezi.

Pima pia wingi wa damu na sukari. Uchovu una vyanzo vingi, na tunaona watu wakiitupia tezi lawama zote huku upungufu wa damu ukiachwa bila tiba. Kilo 15 za ziada hazielezwi na TSH ya 6.8.

Nani aanze dawa? Ambaye TSH imethibitika kufika 10 au zaidi, kwa kawaida. Mjamzito au anayetafuta mimba aonwe na daktari mapema, maana kwake viwango vya kuanza tiba ni vya chini zaidi. Kijana mwenye dalili na anti-TPO chanya anaweza kujaribu. Miezi 3 au 4 ikipita TSH ikiwa imetulia na hajaona nafuu, kuiacha kwa ushauri wa daktari ni uamuzi halali. Kwa wazee tuwe wagumu zaidi. TSH hupanda kidogo na umri, na utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofuata wazee 737 wa Ulaya, haukuona dawa ikiwapunguzia dalili. Kumpa bibi wa miaka 78 kidonge kwa TSH ya 6 ni kumwongezea hatari bure: dozi ikizidi, moyo hupiga ovyo na mifupa huchakaa.

Dawa yenyewe ni levothairoksini, mara nyingi maikrogramu 25 hadi 50 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa moyo huanza chini ya hapo. Wengi hukwama kwenye kumeza. Kidonge kinataka tumbo tupu na maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai. Chai ya maziwa, kahawa na uji wa lishe wenye soya huzuia kisifyonzwe vizuri. Vidonge vya kuongeza damu, kalsiamu na dawa za kiungulia vipishane nacho kwa muda wa saa 4. Mama anayemeza vyote kwa mkupuo mmoja asubuhi atapandishiwa dozi kila akienda kliniki, kumbe dawa haiingii mwilini. Asubuhi ikikushinda, meza usiku, zikiwa zimepita saa 3 tangu ule. Wakati wa Ramadhani wengi huona hiyo ndiyo rahisi.

Hifadhi kidonge ndani ya karatasi yake ya kiwandani, mahali pasipozidi nyuzi 25. Ndani ya gari, au juu ya friji jikoni kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam, nguvu yake hupungua. Pima tena wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza au kubadili dozi. Kabla ya hapo TSH haijatulia. Ukibadilishiwa kampuni, pima tena pia. Siku ya kipimo, toa damu kwanza, kisha umeze.

Kuhusu chakula, mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 za iodini kwa siku, mjamzito 250. Chumvi yenye madini joto inatosha, ukiifunika vizuri na kuitia chakula kikikaribia kuiva. Kabeji iliyopikwa isikutishe. Muhogo usioondolewa sumu vizuri ni tatizo pale iodini inapokosekana, kama ilivyoonekana kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, ambako rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, lilienea. Vidonge vya mwani vinavyouzwa mtandaoni viache: iodini ikizidi, nayo huilemaza tezi.

Uvimbe shingoni unaokua, sauti kukwaruza kwa wiki kadhaa au shida ya kumeza vinataka ultrasaundi, hata kama TSH ni 2.