Maswali ya Wasomaji: Barua Pepe za Ofisi Zitunzwe Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhasibu katika kampuni ndogo ya uwakala wa forodha hapa Kurasini, Dar es Salaam. Barua pepe zetu zimo kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya mtandaoni, ya kampuni tunayoilipa kila mwaka pamoja na tovuti, na kila mfanyakazi amepewa nafasi ya GB 2 tu. Nafasi hiyo hujaa upesi kwa sababu ya ankara na hati za mizigo ambazo wateja huzipiga skani na kututumia. Fundi wetu anataka barua zote zishushwe kwenye kompyuta za ofisi kisha zifutwe kwenye seva, lakini mkurugenzi hataki kusikia habari hiyo. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, tatizo aliloliona fundi ni la kweli, ila njia anayoipendekeza ni ya hatari, na mkurugenzi ana haki ya kuikataa. Asili ya barua za kazi ikae kwenye seva, kompyuta ya ofisi iwe na nakala, na barua yoyote isifutwe kwenye seva kabla ya kuthibitika kwamba ipo mahali pengine pawili na inafunguka.

Anachokitaka fundi ni matumizi ya POP, mojawapo ya itifaki, yaani kanuni ambazo programu ya barua huzifuata inapochukua barua kwenye seva, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1984, enzi ambazo mtu aliunganisha kompyuta yake kwa laini ya simu kwa muda mfupi, akachukua barua zake, kisha akakata. Toleo linalotumika leo, yaani POP3, lina tabia ileile: huchukua barua zilizomo kwenye kikasha cha barua zinazoingia na, kulingana na mipangilio ya programu, huziondoa kwenye seva au kuacha nakala. Itifaki ya IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, ilifuata wazo tofauti, kwamba barua zibaki kwenye seva na kila chombo kionyeshe kikasha kilekile. Ukitaka kujua ofisi yenu inatumia ipi, fungua mipangilio ya akaunti na uangalie namba ya lango: 995 au 110 ni POP3, na 993 au 143 ni IMAP.

Kasoro ya POP3 inayonitia wasiwasi zaidi kwa kazi kama yenu ni kwamba haishughulikii kabisa barua mlizozituma. Jibu lililopelekwa kwa mteja kutoka kompyuta ya mapokezi hubaki kwenye kompyuta ya mapokezi peke yake. Siku mteja atakapodai kwamba hakuarifiwa mapema kuhusu gharama za kontena kukaa bandarini, mtakuwa na malalamiko yake mikononi lakini majibu yenu hamtajua yako kwenye mashine ya nani, au kama mashine hiyo bado ipo.

Jambo jingine ni namna kompyuta inavyozihifadhi barua hizo. Programu ya barua ya Outlook, ya kampuni ya Microsoft, huziweka kwa kawaida ndani ya faili moja kubwa la aina ya PST, ambalo katika matoleo ya zamani halikuweza kuzidi GB 2, na tangu Outlook 2010 kikomo chake cha kawaida ni GB 50. Umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, au diski ikianza kuchakaa mahali lilipo, kinachohatarishwa si barua moja bali mawasiliano ya miaka mingi kwa pamoja. Fundi asijaribu pia kuliweka faili hilo kwenye folda ya mtandao wa ofisi ili watu walitumie kwa pamoja; Microsoft wenyewe hawashauri hivyo.

Sheria nayo inawahusu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano, na ankara nyingi mnazozitegemea zimefika kwenu kwa barua pepe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, nayo ya mwaka 2015, inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kutumika kama ushahidi, lakini mahakama hupima jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na uadilifu wake ulivyolindwa. Barua iliyobaki mahali pake ikiwa na taarifa zake zote za safari, yaani imetoka seva gani na saa ngapi, ni rahisi kuitetea kuliko karatasi iliyochapishwa. Vilevile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka mlinde taarifa za wateja, kwa hiyo kompyuta yoyote yenye nakala za barua hizo diski yake isimbwe kwa siri, yaani isisomeke bila nenosiri, hasa kompyuta mpakato zinazotoka nje ya ofisi.

Hata hivyo, mkurugenzi asidhani kwamba seva peke yake inatosha. Mwezi Februari 2011 hitilafu ya programu iliondoa barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail, na Google walizirudisha kutoka kwenye kanda za sumaku walizokuwa wamezihifadhi kando. Muulizeni anayewahifadhia barua kama ana nakala za namna hiyo, huzitunza kwa siku ngapi, na nini hutokea malipo ya mwaka yakichelewa. Majibu yawe kwa maandishi.

Kuhusu nafasi, anzeni na skana. Kiambatisho husafiri kikiwa kimegeuzwa kuwa herufi, na mgeuzo huo huongeza ukubwa wake kwa takriban theluthi moja. Waombeni wateja wapige skani kwa nukta 300 kwa inchi badala ya 600. Idadi ya nukta katika kila ukurasa itashuka hadi robo, na hati bado itasomeka vizuri. Kisha nunueni nafasi zaidi. Baada ya hapo, barua zilizozidi umri mtakaokubaliana, za kuingia na za kutoka, zinakiliwe kila mwaka kwenye diski mbili za nje, moja ikae ofisini na nyingine mbali na ofisi, na mtu afungue barua kadhaa kutoka kila diski kabla fundi hajagusa chochote kwenye seva.

SWALI: Nilifuta barua za kazi kwenye simu ili nipate nafasi, nazo zikatoweka pia kwenye kompyuta ya ofisini. Je, ni virusi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hapana. Simu na kompyuta yako zinatumia IMAP au njia inayofanana nayo, na ulichokifuta kwenye chombo kimoja kimefutwa kwenye seva, kwa hiyo vyombo vyote vimefuata. Fungua folda ya takataka leo hii; Gmail, kwa mfano, huzitunza barua hizo kwa siku 30 kabla ya kuzifuta moja kwa moja. Ukishazirudisha, usifute tena ili kupata nafasi kwenye simu, bali nenda kwenye mipangilio ya programu ya barua na upunguze idadi ya siku ambazo simu inashusha, kwa sababu hilo haligusi kilichomo kwenye seva.