Tairi inchi 35 kwenye pikapu ya 1HZ, difu ya ngapi?

SWALI: Shikamoo mzee wa gereji. Mimi niko Mafinga, nabeba mbao na Land Cruiser pikapu, HZJ79 ya injini 1HZ, gia boksi manyuo. Juzi nimeinyanyua inchi 2 nikaivalisha tairi 35, mwanzo ilikuwa na 7.50R16. Inapendeza kweli ila imekuwa mvivu, gia ya tano nimeshaisahau, mlima Kitonga nilikuwa napanda na ya tatu sasa nashuka hadi ya pili na semi inanipumulia mgongoni. Fundi mmoja anasema funga turbo, mwingine anasema weka difu 4.56, wa tatu 4.88. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Turbo iache kwanza, ugonjwa wako sio injini. Ile 7.50R16 ina kipenyo kama inchi 31.8, we umeweka 35, maana yake tairi ikizunguka mara moja gari inaenda mbali zaidi kuliko zamani, na anayelipa hiyo safari ya ziada ni injini. Chukulia gia ya nne, ambayo kwenye gari yako ni moja kwa moja, mzunguko wa injini unaingia na kutoka gia boksi bila kubadilika. Ukiwa spidi 80 na tairi za zamani na difu ya 4.1 iliyotoka nayo kiwandani (yani propela shafti, ule mtaimbo unaotoka gia boksi kwenda kwenye difu, unazunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja), injini ilikuwa inazunguka kama 2,150 kwa dakika, sasa hivi inazunguka kama 1,950. Unaweza sema ah mia mbili tu, lakini 1HZ nguvu yake ya kuvuta inafika kileleni kwenye 2,200 hivi, na haina turbo ya kuisaidia, kwahiyo umeishusha pale pale inapoanza kuchoka alafu ukaipakia mbao.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Difu yako zidisha kwa tairi mpya, gawa kwa tairi ya zamani: 4.1 mara 35 gawa kwa 31.8 unapata 4.51. Difu ya 4.51 hutaikuta dukani, jirani yake ni 4.56, kwahiyo yule fundi wako wa pili hajakudanganya, 4.56 inakurudisha pale ulipokuwa, spidi 80 injini inarudi kwenye 2,170.

Ila mimi kwako ningeweka 4.88. Hesabu hiyo inajibu swali la kurudi ulipokuwa, na ulipokuwa nako sidhani kama gari ilikuwa inaruka. Mafinga uko juu ya mita 1,800, huko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Weka na mbao, weka na tairi zenyewe ambazo ni nzito kuliko zile nyembamba ulizovua, weka na upepo unaokamata gari iliyonyanyuliwa. Na 4.88 ukiwa spidi 80 gia ya nne injini iko kama 2,330, gia ya tano inarudi kuwa gia ya kazi badala ya pambo. Gharama yake ni kwamba ukishuka Dar kwenye lami injini itapiga kelele kidogo kuliko zamani, kama asilimia 8 hivi, na dizeli italiwa kidogo kwenye mbio ndefu. Kama ungekuwa mtu wa Dar–Moro kila wiki gari tupu ningekwambia 4.56 na mjadala uishe.

Kabla hujatoa hela hakikisha vitu viwili. Kwanza tairi, maana 35 ya kwenye maandishi na 35 ya kwenye barabara ni ndugu wa mbali. Chora alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukuma gari hadi alama irudi chini, pima umbali ilioenda kwa futi ya tepu. Kama ni inchi 35 kweli utapata karibu mita 2.79, ikiwa pungufu piga hesabu na hiyo uliyopima. Pili hakikisha difu uliyonayo ni 4.1 kweli. Gia frii, nyanyua gurudumu moja la nyuma, lingine libaki chini na lizuiwe kwa mawe, zungusha lile la juu mara mbili kamili huku mwenzio anahesabu propela shafti. Ikizunguka mara nne na kidogo sana ndo hiyo, ikiishia karibu na nne kasoro kidogo unayo 3.9.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Niliwahi kununua difu ya nyuma iliyotumika, duka likaniapia ni 4.1, nikafunga bila kuhesabu meno kwa sababu ya haraka na kiburi cha ufundi. Kwenye matope ilikuwa safi kabisa. Nikaingia kwenye lami nimesahau kutoa four, ile ya kusukuma magurudumu yote manne, baada ya kilometa chache usukani mzito, gari inajikaza kama imefungwa kamba, na mkono wa four ukagoma kutoka hadi nikarudi rivasi. Kufungua: kroni (gia kubwa ya difu) meno 43, pinioni (ile ndogo inayoizungusha) 11, 43 gawa kwa 11 yani 3.9, na mbele ilikuwa 41 kwa 10. Kwahiyo mbele na nyuma lazima zifanane, asikwambie mtu weka ya nyuma kwanza ya mbele utaweka ukipata hela, labda uahidi kutoigusa four kabisa.

Na pinioni za mbele na nyuma hazibadilishani, difu ya mbele kwenye 79 ni ndogo na meno yake yamekatwa kinyume, mwambie muuzaji waziwazi ni ya mbele. Fundi wa kufunga awe na dayo geji, ile saa ya kupimia nafasi ndogo sana, na apake rangi kwenye meno aone yanapogusana, ule mchezo kati ya kroni na pinioni ni kama milimita 0.15, hiyo haipimwi kwa kidole. Ukimaliza, oili GL-5 80W-90, siku ya kwanza tembea dakika 20 uiache ipoe kabisa, usipakie mbao, na oili hiyo imwage ukifika kilometa 800, utaona vumbi la chuma ndani yake, usishtuke.

SWALI: Habari fundi, nina Hilux otomatiki, nimetoka tairi 265/65R17 kwenda 265/70R17, nibadili difu?

JIBU: Hapana kaka. Hapo umeongeza kama asilimia 3 na kidogo, hiyo tofauti gia boksi yenyewe inaimeza. Hela hiyo weka kwenye breki. Angalia tu spidi mita, sasa inakudanganya kidogo, ikisoma 50 we uko karibu 52. Yule wa Mafinga na 35 zake ikisoma 50 yuko 55, mpaka arekebishe difu, na tochi ya trafiki haisomi dashibodi yako.