Mzazi anayepanda ndege ya masafa marefu kwa mara ya kwanza: niliyoyaona kwa mama yangu

Ndugu mleta mada, swali lako nimelisoma mara mbili. Bi mkubwa ana miaka 67, hajawahi kupanda ndege, na tiketi mliyoimudu ni ya daraja la kawaida, Dar kwenda Houston, Marekani, kupitia Doha, Qatar. Unauliza kama atastahimili. Atastahimili. Ila mama yangu mzazi amepita njia hiyohiyo mara mbili, mara ya kwanza akateseka na mara ya pili akafika mzima, na tiketi ilikuwa ya daraja lilelile. Niruhusu nikueleze kwa kirefu.

Mwaka 2018 nilikuja nyumbani Tanga likizo, nikarudi naye huku Houston. Tiketi nilikata kwa kuchelewa na sikulipia kuchagua viti, kwa hiyo tukatenganishwa: yeye mstari wa 24, mimi wa 38. Ndege ya kutoka Doha ilikuwa Boeing 777, viti kumi kwa mstari, vitatu, vinne, vitatu, naye akaangukia ndani ya vile vinne vya katikati. Kati yake na njia alikaa kijana mmoja aliyejifunika blanketi mpaka kichwani tangu taa zilipozimwa. Nilikwenda kumwangalia mara tatu. Kila nikifika ananiambia, "Sijambo mwanangu, kalale."

Tulipotua, baada ya saa 16 hivi, abiria walishuka na yeye bado amekaa. Nilimkuta ameshika kiatu kimoja mkononi. Vile viatu vyake vyeusi vya ngozi, vya kwendea harusini, vilikuwa haviingii tena. Nikambonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo cha mguu, nikaondoa kidole, shimo likabaki. Kumbe tangu Doha hakuinuka hata mara moja. Chooni hakwenda, na ili asiende chooni hakunywa maji. Nikamuuliza, "Mama, mbona hukuniambia?" Akanijibu, "Ningemwamshaje mtoto wa watu, mwanangu? Si unaona amelala."

Wazee wetu kukaa kwenye kiti kigumu wanakuweza, wamesafiri mabasi miaka yote. Kinachowaumiza ndani ya ndege ni kuona haya. Haya ya kumwamsha jirani, haya ya kuomba maji mara ya pili, haya ya kuulizia choo kwa lugha asiyoijua. Kwa hiyo maandalizi yako mengi yafanyie nyumbani, kwa mazungumzo, kabla hujafikiria mto wa shingo.

Kuhusu miguu, jambo hili lichukulie kwa uzito. Mguu ukining'inia bila kusogea, damu hupanda kwa shida kurudi juu, kwa sababu misuli ya shavu la mguu ndiyo inayoisukuma. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2007 kwamba safari ya kukaa zaidi ya saa nne huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa karibu mara mbili, na walisema wazi kwamba haihusu ndege tu, hata basi, treni na gari. Hatari yenyewe bado ni ndogo, walikadiria mtu mmoja katika 6,000, kwa hiyo usimtie hofu mama. Mfundishe tu: kila akimaliza sala au kila akiamka, ainue visigino, ainue vidole, azungushe kifundo, mara ishirini ishirini. Na kila saa mbili ainuke atembee mpaka nyuma kwa wahudumu na kurudi. Soksi ndefu za kubana zinazoishia chini ya goti husaidia uvimbe, zinapatikana kwenye maduka makubwa ya dawa. Lakini mwenye sukari au matatizo ya mishipa ya miguu asivae kabla hajamwona daktari. Na dawa zake zote, za presha au za sukari, zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiende na begi kubwa.

Kiti: chukua cha upande wa njia, hata kama italazimu kulipia. Dirishani ni pazuri kwa nusu saa ya kwanza, baada ya hapo ni giza na mawingu. Akikaa upande wa njia hahitaji ruhusa ya mtu kuinuka. Ukiipigia simu kampuni ya ndege na kueleza kwamba ni mtu mzima anayesafiri peke yake, mara nyingine wanampangia bila malipo. Mimi walinikubalia safari ya pili, lakini usitegemee.

Sasa choo. Naomba usione vibaya nikilieleza hili waziwazi, maana ndilo lililomfunga mama yangu. Mlango wa choo cha ndege mara nyingi hukunjwa kwa kusukumwa katikati, hauna kitasa kama cha nyumbani. Taa haiwaki vizuri mpaka ufunge komeo. Ukibonyeza kitufe cha kusafisha, choo hakimwagi maji kama tulivyozoea, kinafyonza kwa kishindo, na mtu asiyejua anadhani ameharibu kitu. Mama aliponisimulia baadaye, alisema mwanzo wa safari, tukiwa bado tunatoka Dar, aliingia mara moja, akasikia ule mshindo, akatoka mbio na hakurudi tena. Zaidi ya hapo, hakuna maji ya kujisafishia. Kwa mama wa Kiislamu wa pwani, au yeyote aliyezoea maji, hilo peke yake latosha kumfanya ajizuie siku nzima. Dawa yake ni chupa tupu ya plastiki, ile ya nusu lita. Tupu inapita kwenye ukaguzi bila tatizo, kinachokatazwa ni kimiminika kinachozidi mililita 100. Ndani anaijaza kwenye beseni la kunawia, anamaliza shughuli zake, anapangusa sakafu kwa karatasi na kutoka. Safari ya pili mama alikuwa nayo kwenye mfuko wa kitambaa, pamoja na kanga moja ya kujifunika, na mambo yakawa mepesi. Kama unaweza, mtafutie video ya choo cha ndege kwenye simu, aone na asikie ile sauti akiwa sebuleni kwake.

Hewa ya ndani ni kavu mno, unyevu wake aghalabu hauzidi asilimia 20. Sisi tuliozaliwa na jasho la pwani tunaisikia haraka: midomo inapasuka, pua inawasha, macho yanakwaruza. Kikopo kidogo cha mafuta ya nazi, kisichozidi hizo mililita 100, kitamfaa kuliko losheni yoyote. Pia presha ya hewa humo ndani hushushwa kidogo. Kwenye ndege nyingi hufikia kama mtu yuko mlimani, mita 2,400 hivi, ila hizi mpya kama Airbus A350 na Boeing 787 hukaa karibu na mita 1,800, sawa na kuwa Nairobi. Utaiona kwa macho: chupa ya maji uliyoifunga mkiwa juu angani, ndege ikishuka inajikunja yenyewe kama imekamuliwa. Hewa iliyomo tumboni hutanuka vivyo hivyo ndege ikipanda, ndiyo maana jana yake asile maharage wala kunywa soda. Masikio yakiziba wakati wa kushuka, peremende au kumeza mate kunatosha. Akiwa amelala, jirani au mhudumu amwamshe kabla ya kushuka, maana aliyelala hamezi mate vya kutosha, anaamka masikio yanauma.

Chakula nitakipita upesi. Huko juu ulimi husikia chumvi na sukari kwa udhaifu, kwa hiyo kila kitu kitaonekana chapwa, asidhani ni yeye anaumwa. Achari ya maji isiwekwe mkononi, itaachwa kwenye ukaguzi. Mama alibeba tende na visheti, akawapa na majirani zake. Kama anataka chakula cha Kiislamu au kisicho na sukari, omba unapokata tiketi. Marekani nyama na matunda mabichi asijaribu kuingiza, na chochote cha kula alichobakiza akitaje kwa maofisa.

Kuhusu kuunganisha ndege Doha, hapo ndipo wengi wanapotea. Mama ana goti bovu, kwa hiyo nilimwombea kiti cha magurudumu tangu siku ya kukata tiketi. Ni bure, na anayekisukuma humpeleka msafiri mpaka geti la pili. Wapo wanaosema humu kwamba umwombee mzazi kiti hata kama anatembea vizuri, ili tu aongozwe. Mimi sikubaliani nao. Viti vile na watu wa kuvisukuma hawatoshi, na yupo mzee mahali fulani asiyeweza hatua kumi anayesubiri. Kama mama yako miguu ni mizima, ulizia huduma ya kupokelewa na kusindikizwa. Makampuni mengi wanayo, mengine kwa malipo.

Mwandikie karatasi, iwe ya herufi kubwa, Kiswahili juu na Kiingereza chini, akae nayo shingoni pamoja na pasipoti. Ya mama yangu ilikuwa na sentensi tano: naomba maji, choo kiko wapi, naomba kupita, sijisikii vizuri, naomba mtu anayejua Kiswahili. Nyuma niliandika namba yangu na anwani ya nyumbani, maana maofisa wa uhamiaji wataulizia anakofikia. Fanyeni mazoezi kwenye simu. Mwambie pia kile kitufe chenye alama ya mtu ni cha kumwita mhudumu, na kwamba kuwahudumia abiria ndiyo kazi yao, wanalipwa kwa hiyo, si fadhila.

Halafu kuna mtego wa saa. Tiketi imeandikwa kwa saa za kizungu na mama anahesabu kwa saa zetu. Ndege ya 17:50 kwake ni saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni, mwandikie hivyohivyo. Ikiwa ni ya 00:40, mwambie usiku wa kuamkia tarehe ipi. Nimeona familia imefika Terminal 3 ya uwanja wa ndege wa Dar siku moja baadaye kwa sababu hiyo, na mama wa watu analia pale nje na mabegi yake. Jambo jema ni kwamba Doha saa yao na yetu ni moja, asiguse saa yake mpaka afike Houston, ambako wako nyuma yetu kwa saa nane au tisa kutegemea msimu. Na kama anatokea mkoani, alale Dar usiku mmoja. Mama yangu mara ya kwanza alishuka basi la Tanga saa nane mchana na kupanda ndege jioni ileile, miguu ilishachoka kabla safari haijaanza.

Safari ya pili ilikuwa 2022 na alisafiri peke yake. Kiti cha upande wa njia, malapa ya kitambaa miguuni, chupa, kanga, karatasi shingoni. Sala aliziswali amekaa kitini kwa kukusanya. Aliniambia kwamba usiku, watu wamelala, alisimama nyuma karibu na jiko la wahudumu na bibi mmoja ambaye hawakuelewana hata neno, wakawa wanainua visigino pamoja na kuchekeana. Mhudumu akawapa maji. Miguu ilivimba kidogo, kiasi cha kawaida, jioni yake ikawa imenywea.

Ila niongeze hili la akifika. Usimpeleke kutembezwa siku ile, hata kama ndugu wote wana hamu naye. Mpe maji ya moto aoge, mpe uji, aweke miguu juu ya mto. Kesho yake mtoe nje kwenye jua asubuhi, usimwache alale mchana kutwa. Na kwa wiki nne hivi baadaye angalia mashavu ya miguu yake: mguu mmoja ukivimba peke yake, ukawa na joto na maumivu, au akibanwa na kifua, hapo usingoje, hospitali moja kwa moja. Mama yangu ilimchukua mpaka siku ya nne ndipo akaamka alfajiri kwa saa za huku. Kabla ya hapo nilikuwa namkuta jikoni saa nane za usiku, amekaa anachambua mchele.