Zamu ya Kisu cha Babu

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Ni kitu gani kidogo ambacho hutoki nyumbani bila kuwa nacho, na kilikufikiaje?" Wengi watajibu simu. Mimi ni kisu cha kukunja, tena naomba nafasi nieleze kwa kirefu.

Kazi yangu ni kushona nyavu hapa Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka mwaloni wanakoshusha samaki. Wavu ukirudi umechanika, kwanza unakata nyuzi zilizoharibika mpaka ufikie macho mazima, yaani matundu ya wavu yasiyochanika, ndipo unashika sindano. Kisu kikiwa butu uzi unavutika badala ya kukatika, na jicho la jirani linalegea. Ndiyo maana huniuma mtu akitoa kisu mfukoni akatazamwa kama kibaka. Chombo hiki wazee wetu walimenyea machungwa, wakakatia kamba za mbuzi, wakapasulia sato. Wahuni wachache wasitunyang'anye.

Kisu changu cha kwanza kilikuwa cha babu, mvuvi wa Ukerewe. Ni Okapi, ile yenye mpini wa mbao na vipande vya chuma vyenye umbo la mwezi na nyota vilivyopachikwa ubavuni. Mgongoni ina ringi: ukifungua bapa inalia ta-ta-ta-ta, ukitaka kukunja unavuta ringi kwanza. Visu hivi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili viuzwe kwenye makoloni yake ya Afrika, na Mwanza wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani. Tangu 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini. Kwa hiyo kisu ambacho wengi wetu tunakiona cha kawaida, cha kununua dukani pamoja na kiberiti na sabuni, kina historia ndefu na sisi kuliko hata reli iliyofika hapa.

Babu hakuwahi kumpa mtu kisu mkononi. Alikikunja, akakiweka juu ya ubao wa mtumbwi, akasema, "Chukua, mjukuu wangu." Bapa lilikuwa limeshakuwa jembamba kwa miaka ya kunolewa juu ya jiwe la ufukweni, na lina rangi ya kijivu iliyoiva, karibu nyeusi. Vijana wananiambia nilipige msasa ling'ae. Siwezi. Rangi ile si uchafu wala si kutu nyekundu inayokula chuma. Ni ngozi ambayo chuma cha kaboni hujivisha kikikata samaki, ndimu na vitunguu kwa muda mrefu, na inasaidia kuzuia kutu mbaya. Ukiifuta umefuta kazi yote ya babu.

Kutoka hapo ndipo nilipoanza kukusanya. Leo ninavyo 14, na hakuna hata kimoja kisichokata. Shemeji yangu aliniletea Opinel ya Ufaransa, mpini wa mbao na pete ya chuma inayozungushwa kulifunga bapa lisikuangukie vidoleni. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890 huko Savoie, milimani, na pete ikaongezwa mwaka 1955. Ni kisu chepesi na kinakata vizuri mno, lakini kwetu ziwani kina shida yake: mbao ikinywa maji inavimba na bapa linagoma kutoka. Dawa yake ni kugonga kitako cha mpini kwenye ubao, bapa linachomoza kidogo, unalivuta.

Ninachokipenda kuliko vyote baada ya cha babu nilikiokota Makoroboi, hapa hapa mjini, kwenye rundo la spana na mabomba mabovu. Kimeandikwa Sheffield na kimegongwa alama ya mshale, ile ya mali ya serikali ya Uingereza. Upande mmoja kina bapa fupi lisilo na ncha kali, upande wa pili mwiba mnene wa chuma wa kufumulia mafundo ya kamba. Kilikuwa kimeganda kwa kutu. Nilikiloweka kwenye mafuta ya taa siku tatu, nikawa nakifungua kidogo kidogo, bila nyundo. Siku mwiba ule ulipolifungua fundo la kamba ya boya lililokuwa limetushinda watu watatu, nilijua kimerudi kwa watu wake.

Kimoja kiliharibiwa, na bado nasikitika. Nilikuwa na haraka, nikampa mnoaji mmoja mwenye mashine ya umeme. Cheche zikaruka, na aliponirudishia, makali yalikuwa na rangi ya buluu. Chuma kikifika rangi hiyo kimepashwa moto kupita kiasi, ugumu wake umetoka. Kikinolewa asubuhi, mchana ni butu. Tangu hapo nanoa mwenyewe kwenye kinoo chenye maji, taratibu, bapa likilala karibu kabisa na jiwe.

Wanaotaka kuanza huniuliza wapake mafuta gani. Msipake ya alizeti, yanaganda kama gundi kwenye kiungo. Tone moja la mafuta ya cherehani linatosha. Na msivihifadhi ndani ya ala ya ngozi, hasa wakati wa masika, maana ngozi inashika unyevu na kisu kinaota kutu humo humo. Vyangu vimefungwa kwenye vipande vya kanga kuukuu, vikavu.

Kila Jumapili jioni nachagua cha kubeba wiki nzima. Nikienda msikitini, benki au shuleni kwa watoto nakiacha nyumbani, na nikisafiri kwa ndege nakiweka kwenye begi la kukabidhi. Kimoja chekundu cha Uswisi kilichukuliwa kwenye ukaguzi kwa sababu nilikisahau kwenye begi la mkononi.

Mwezi uliopita mtu alinitajia bei nzuri ya kile cha babu. Anataka kukiweka kwenye kabati la kioo. Nilimshukuru, nikamwambia hapana. Wiki hii ndiyo zamu yake, na kuna wavu wa sangara umetandazwa hapa mbele yangu wenye tundu la kupitisha mtu mzima.