Ninyi Mnaoanza Kusoma Geji Chini ya Msingi

Juzi nimeingia zamu nikamkuta kijana mgeni juu ya ngazi. Ngazi yenyewe kaiegemeza kwenye mkono wa chuma unaoshika geji, kile kipimo kinachoonyesha jengo limeshuka kiasi gani, na mkononi ana kitambaa, anaipangusa vumbi ili aisome vizuri. Nilimwita taratibu, maana ukimpigia kelele mtu aliye katika hali hiyo anaweza kushtuka akaing'oa geji yote. Akashuka anatabasamu. "Nimeisafisha, kaka." Nikamshukuru. Kisha nikamweleza kwamba kuanzia dakika ile hakuna mhandisi anayejua kama jengo limetitia au limepanguswa.

Kila kundi jipya likija naona mambo ni yale yale, na mengi niliyafanya mimi kabla yenu. Sitawaeleza kwa kirefu kutegemeza msingi wa jengo la kituo cha nyuklia, yaani kuchimba mashimo chini yake na kujenga humo nguzo mpya za kulibeba. Michoro mmeiona, utaratibu mmeusaini, na mnajua kwa nini tunachimba shimo moja tukiruka mawili. Naandika yale ambayo watu huwa wanayajua na bado hawayafanyi.

1. Usianze kusoma siku shimo la kwanza linapofunguliwa. Anza wiki kadhaa kabla, asubuhi, mchana na usiku wa manane, ulijue jengo linavyopumua kabla halijaguswa na mtu. Chuma hurefuka kama maikromita 12 kwa kila mita kwa kila digrii 1 ya Selsiasi. Fimbo ya rejea (ile ya chuma ambayo geji inapimia kwake) ya mita 3 ikipata joto la digrii 10 zaidi, imeshakuonyesha mm 0.36 za kutitia ambazo hazipo. Niliwahi kuamshwa na kijana aliyepiga simu akihema kwamba mstari wote wa mashariki unazama. Nilipofika nilikuta mlango mkubwa wa magari umeachwa wazi na jua la mchana limetua juu ya fimbo tatu. Tukafunga mlango. Jengo "likapanda" lenyewe kufikia jioni. Kwa hiyo andika joto la fimbo, si joto la chumba, na kama bajeti inaruhusu omba fimbo za inva (aloi ya chuma na nikeli), ambazo hurefuka kwa kama sehemu moja tu ya kumi ya chuma.

2. Alama ya rejea, ile tunayolinganishia vimo vyote, isiwe jirani wa mgonjwa. Kila mwaka lazima atokee mtu wa kupiga leveli (kupima kimo) kutoka kwenye msumari ulio kwenye nguzo ya jengo la pili kwa sababu alama ya kina iko mbali na kuna matope njiani. Mnasahau pampu zinazonyonya maji ya ardhini. Kila mita 1 ya maji unayoishusha ardhini inauongezea udongo wa chini mzigo wa takriban kilopaskali 10 (kama tani moja kwa kila mita ya mraba), na udongo hauchagui jengo la kutitia. Msumari unashuka, jengo linashuka, na wewe uliyesimama na leveli unashuka nao, halafu karatasi inasema sifuri. Vaa buti, nenda kwenye alama iliyofungwa kule chini kwenye tabaka gumu.

Na asiniambie mtu kwamba hili ni "jengo la pembeni tu". Wazee wa kazi hii hupenda kuitaja Midland, kituo cha nyuklia kilichokuwa kinajengwa kule Michigan, Marekani. Mwaka 1978 ilibainika kwamba jengo la jenereta za dizeli linatitia kupita matarajio, kwa kuwa udongo wa kujazia chini yake haukushindiliwa ipasavyo. Wakarundika mchanga ili udongo ujikaze mapema. Sehemu ya jengo saidizi na jengo la pampu za maji ikaamuliwa zitegemezwe kutoka chini. Mradi uliachwa mwaka 1984, kwa gharama na sababu nyingine nyingi, udongo ukiwa mojawapo, na baadaye pakageuzwa kuwa kituo cha umeme wa gesi. Umeme wa nje ukikatika, jenereta za dizeli ndizo zinazoendesha pampu za kupooza kinu cha nyuklia. Mabomba na nyaya hupita kutoka jengo hadi jengo, kwa hiyo jengo zima kushuka kwa pamoja ni afadhali kuliko kona moja kushuka peke yake. Tofauti baina ya pointi mbili ndiyo mnayoitafuta siku nzima.

3. Soma mshale mdogo. Hapa mnivumilie, maana hili ni langu.

Geji zetu zilikuwa zile za saa: mshale mkubwa ukizunguka mara moja ni mm 1, uso umegawanywa sehemu mia, na ndani yake kuna kisaa kidogo ambacho mshale wake unahesabu mizunguko. Nilikuwa na geji 14 kwenye mstari wangu, mbili kati yake zimekaa mahali ambapo unapita kwa kutambaa kati ya bomba na ukuta. Wiki za kwanza hakuna iliyosogea zaidi ya sehemu tano za mia. Ukisoma namba ile ile mara tatu kwa siku inakuwa kama namba yako ya simu. Basi nikajiona mjanja. Jioni, nikiwa nimekaa vizuri kwenye kiti, nilikuwa nazitayarisha fomu za kesho: geji ya 1 naandika "6.", ya 2 "3.", ya 9 "4.", mpaka mwisho, ili nikifika chini niongeze tu tarakimu mbili za mshale mkubwa. Niliokoa dakika kama nane kwa kila raundi. Ujanja huo nilimfundisha na mwenzangu.

Asubuhi moja, shimo la jirani na geji ya 9 likiwa limefika nusu ya kina chake, nikatambaa, nikamulika tochi. Mshale mkubwa uko kwenye 49. Jana ulikuwa 46. Nikaandika 49 mbele ya "4." yangu. Sehemu tatu za mia, mambo ya kawaida. Kisaa kidogo kilikuwa na vumbi la saruji na sikukitazama, na nikisema ukweli hata kingekuwa kinang'aa nisingekitazama. Mshale wake ulikuwa umetoka kwenye nne umeingia kwenye tano. Usiku ule jengo lilikuwa limetitia mm 1.03. Kiwango chetu cha tahadhari kilikuwa mm 0.75. Mimi nimeandika 0.03, nimesaini, nimepanda juu na kutangaza mstari uko shwari. Wachimbaji wakashuka shimoni, wakachimba kwa saa sita.

Aliyegundua ni dada mmoja wa zamu iliyofuata, mgeni kazini kama ninyi. Alisoma 5.58. Akaona fomu yangu inasema 4.49, akadhani amekosea yeye, kwa sababu mimi nilikuwa mkubwa wake. Akarudi kutambaa mara ya pili, akarudi mara ya tatu. Ndipo akampigia mhandisi. Kazi ikasimama, watu wakatolewa, shimo likaegemezwa upya. Chanzo kilionekana usiku huo huo: nguzo ya jirani, iliyokuwa imepandishwa mzigo siku mbili nyuma, mota kavu (saruji na mchanga wenye maji kidogo) juu yake ilikuwa imeshindiliwa kingoni tu, katikati pana uwazi. Mzigo wote ulikuwa umekalia kabari, na kabari zilikuwa zinajikita taratibu.

Niliitwa kutoka kitandani. Nilipofika ofisini nilikaa peke yangu na ile fomu kwa dakika kama mbili. Nikaona kwamba mstari mmoja juu ya "4", "5" pembeni yake, herufi zangu na saa ya asubuhi vingetosha kunisafisha. Kalamu nilikuwa nimeshaishika. Ningependa kuwaambia kwamba nilizuiwa na uaminifu, lakini kilichonizuia ni mlango: mkaguzi wa ubora aliingia.

Hakutazama namba. Alitazama wino. Tarakimu zote za mwanzo zilikuwa nyeusi, kalamu ya mezani, na za mwisho bluu, kalamu ya mfukoni. Akauliza, "Ulisoma, au ulikumbuka?" Nikaanza na vumbi, nikaja kwenye tochi, nikafika mpaka kwenye lile bomba linalombana mtu kifua. Alinisubiri nimalize, akarudia swali lile lile kwa sauti ile ile.

Fomu za siku 19 ziliwekewa alama ya shaka. Geji nyingine 13 zilikuwa sahihi, na leo naweza kuwaapia hivyo, lakini nani angejenga hoja ya usalama wa kinu juu ya kiapo changu? Wapimaji walipiga leveli upya kutoka kwenye alama ya kina kwa siku tatu, saiti nzima imekaa, na kila aliyekaa alijua amekaa kwa sababu ya nani. Ile mm 1.03 haikuzaa ufa mpya ukutani. Hiyo ilikuwa bahati, mimi sikuchangia chochote.

Hakuna aliyenifokea. Kiongozi wa wachimbaji, mzee ambaye ndiye aliyekuwa chini zile saa sita, hakusema neno siku ile. Ila kazi iliporudi, kila asubuhi kabla ya kukanyaga ngazi ya shimo alikuwa ananisimamisha: "Nne au tano?" Namjibu, anashuka. Alifanya hivyo mpaka shimo la mwisho lilipomwagwa zege, miezi mizima, hata siku ambazo geji ilikuwa imefika sita.

4. Hii nimeisahau. Ikirudi nitaiweka chini.

5. Geji ya presha ya jeki si kipima mzigo. Ndani ya jeki kuna msuguano, kwa hiyo tumia kipima mzigo chenyewe, na chora mzigo na mwendo kwenye grafu moja. Usikubali kabari zigongwe kabla nguzo haijatulia kwa muda ulioandikwa, hata kama fundi wa jeki anatazama saa yake na kupumua kwa nguvu.

6. Karatasi. Ukikosea, mstari mmoja unaosomeka, herufi zako, tarehe, saa ya kweli. Kibandiko cha kalibresheni kikiisha muda, geji hiyo ni pambo. Walio chini ya kanuni za Marekani wanajua kwamba Kiambatisho B cha 10 CFR 50, kanuni ya uhakikisho wa ubora wa vituo vya nyuklia, kina vigezo 18. Someni cha 12 kuhusu vifaa vya kupimia na cha 17 kuhusu kumbukumbu, na mkimaliza mtaelewa kwa nini mkaguzi anaangalia wino. Mimi sasa natembea na kalamu moja tu. Vijana wanadhani ni ubahili.

7. Ukivuka kiwango cha tahadhari, piga simu kwanza, halafu ndiyo uhakikishe. Yule dada alitambaa mara tatu, na ninampenda kwa ukaidi wake, lakini raundi zile mbili za ziada zilichukua karibu nusu saa na watu bado wapo chini. Simu ya uongo inakuletea aibu ya asubuhi moja. Mimi nimepiga nne katika maisha yangu ya kazi, na moja kati yake geji ilikuwa imekaliwa na mjusi.

Sasa ya 4 imenijia: geji ikiguswa, igande hapo hapo ilipo. Usiirudishe kwenye namba ya jana kwa kuizungusha uso, usiseme "nilirekebisha kidogo". Andika kilichotokea, nani, saa ngapi, ilisoma ngapi kabla na ngapi baada, ili mhandisi aitoe tofauti hiyo kwenye hesabu.

Ndicho nilichomfanyisha yule wa ngazi. Usomaji wa zamu iliyotangulia ulikuwa 3.12. Tukaihamisha ngazi, tukasubiri, akasoma 3.19 huku nimesimama nyuma yake. Akaandika "mkono wa geji uliegemewa na ngazi, geji ikapanguswa", saa, jina lake. Alipofika kwenye tarakimu ya kwanza alisita, akarudi kutazama kisaa kidogo tena, ndipo akaandika 3.