Mfundishe binti kabla hajavunja ungo

Nafundisha shule ya msingi huku Kisarawe, na pamoja na vipindi vya sayansi nimekabidhiwa malezi ya wasichana. Ushauri wangu kwa walimu wenzangu na kwa wazazi ni huu: elimu ya afya ianze darasa la nne, isisubiri la saba. Wapo mabinti wanaovunja ungo wakiwa na miaka tisa au kumi, na anayeona damu ya kwanza bila kuambiwa chochote hudhani ameumia, au ana ugonjwa wa aibu. Kwa Wazaramo mwali aliwekwa ndani kwanza, ndipo akafundwa. Kufundwa ni jambo jema, sina ugomvi nalo, ila linakuja mtoto ameshaogopa.

Hofu hiyo huondoka haraka mtoto akiona kwa macho. Mimi hutumia juisi ya rozela. Naimimina kwenye kikombe, natandaza pedi mezani, kisha binti mmoja anachota vijiko vitatu vya chakula na kuvimwaga polepole. Wote wanasimama kwenye madawati waone. Juisi inazama, pedi inavimba kidogo katikati, basi. Nawaambia damu ya hedhi moja, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, kwa kawaida ni kama vijiko viwili hadi vitano hivyo. Wengi walikuwa wakiamini damu inawaishia mwilini.

Maswali mazito hayaulizwi kwa mdomo, kwa hiyo weka boksi lenye tundu waandike bila majina. "Nikichuma mchicha nikiwa kwenye siku zangu, bustani itakauka?" "Mwezi huu sijaona, nina mimba?" Huyu wa pili nilimjibu mbele ya darasa zima, kwa kuwa sikumjua: miaka miwili ya mwanzo siku huwa hazijatulia, zinaweza kuruka mwezi bila ugonjwa wowote. Lakini usiishie hapo. Waambie wazi kwamba aliyevunja ungo anaweza kushika mimba akilala na mwanamume, na kwamba mtu yeyote akiwashika wasivyotaka, hata awe ndugu, waje waseme. Wazazi wengine huona maneno haya makubwa kwa mtoto. Mimi naona mtoto asiyeyajua ndiye yuko hatarini zaidi.

Wavulana nao wabaki darasani. Waliokuwa wakicheka sketi ikichafuka, baada ya somo la rozela wengi wao huacha. Mmoja wao alivua sweta lake akampa mwenzake ajifunge kiunoni, wakaendelea na hesabu.

Elimu bila choo chenye komeo, ndoo ya maji na pipa lenye mfuniko haifiki mbali. Unamwambia abadilishe pedi kila baada ya saa nne hadi sita, abadilishie wapi? Kamati ya shule iulizwe jambo hili kila kikao. Na pedi ni ghali. Mwaka 2018 serikali ya Tanzania iliondoa kodi ya VAT kwenye taulo za kike, mwaka uliofuata ikairudisha kwa kuwa bei madukani haikushuka. Kwa hiyo tunawafundisha kushona za kitambaa cha pamba: zifuliwe kwa maji baridi na sabuni, zianikwe juani zikauke kabisa. Mabinti huzificha chini ya godoro kwa aibu, na kitambaa kibichi huwasha na kuleta maradhi. Mama, mpe mwanao nafasi kwenye kamba ya nguo.

Matunda ya elimu hii nayaona zaidi siku ya chanjo. Chanjo ya virusi vya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Sasa wanapewa wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Uvumi kwamba inafunga kizazi ulienea sana mitaani. Wasichana waliokwisha kujua kizazi kiko wapi na virusi vinaambukizwaje ndio waliowaeleza mama zao nyumbani, na hao mama walikuja wenyewe kuniuliza tarehe. Kwa hiyo fundisha kwanza, wiki kadhaa kabla wahudumu hawajafika na masanduku yao.

Jambo la mwisho ambalo kila binti alijue: aende zahanati na mama au shangazi iwapo damu inazidi siku saba, pedi inajaa ndani ya saa moja au mbili, maumivu yanamlaza kitandani asije shule, au amefika miaka 15 hajaona kitu. Yaandike hayo ubaoni, nao wayanakili kwenye daftari la sayansi, ambalo baba pia hulifungua.