Maswali yenu: kuripoti magonjwa kwa simu

Nikiripoti kwamba majirani watatu wanaharisha maji, nitakuwa nimetangaza kipindupindu?
Hapana. Umeripoti dalili. Taarifa yako huingia kama tetesi, wahudumu wa afya huifuatilia, kisha maabara ndiyo husema ni nini. Wewe taja ulichokiona, ni watu wangapi, wapi na tangu lini. Jina la ugonjwa waachie wao.

Kwani takwimu za hospitali hazitoshi?
Hospitali humhesabu aliyefika, na wengi hujiuguza nyumbani. Februari 10, 2003, ProMED, mtandao wa kupashana habari za milipuko ya magonjwa, ulisambaza ujumbe wa mtu aliyeuliza kama kuna anayejua habari za ugonjwa ulioripotiwa Guangzhou, China. Siku iliyofuata Shirika la Afya Duniani likapata taarifa rasmi: wagonjwa 305, vifo 5. Ugonjwa huo ndio uliokuja kuitwa SARS, ugonjwa mkali wa mapafu unaoambukiza. Ujumbe ule haukuthibitisha lolote, lakini uliwafanya watu wengi waulize kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo kazi yake.

Kompyuta si zinaweza kufuatilia tu yale watu wanayotafuta mtandaoni?
Google walijaribu kwa mafua mwaka 2008. Msimu wa 2012 hadi 2013 makadirio yao yalifika karibu maradufu ya wagonjwa walioonwa na madaktari Marekani, na mwaka 2015 wakaacha kuyachapisha. Mtu hutafuta habari za mafua akiwa anaumwa, lakini pia akiwa ametishwa na taarifa ya habari! Kompyuta ni msaidizi mzuri, mradi kuna mtu wa kwenda kuhakiki.

Huku intaneti ni ya kubahatisha.
Ujumbe mfupi wa kawaida unatosha. Zipo pia programu zinazohifadhi fomu kwenye simu hadi mtandao urudi.

Naweza kutuma picha ya mgonjwa kwenye kundi la mtaa?
Usitume, wala usimtaje jina. Akishaaibishwa mmoja, wengine watajificha, na mgonjwa aliyejificha hafikiwi.

Nimeripoti mara mbili, kimya. Niendelee?
Endelea, ila hasira yako ni ya haki. Kuna lengo la kimataifa liitwalo 7-1-7: siku 7 kugundua mlipuko, 1 kuarifu mamlaka, 7 kukamilisha hatua za mwanzo za kuudhibiti. Mfumo usiomjibu anayeripoti utaipoteza ile 7 ya kwanza, kwa sababu watu huchoka kuandikia ukuta. Hata jibu la “tumefika, si mlipuko” linatosha. Waulize wanaousimamia: nani husoma ujumbe wetu, na hujibu baada ya muda gani?